Siku Uliyokwenda kwa Profesa Wangu

Mpendwa Baba,

Salaam aleikum. Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mbuzi wawili wanaonichungulia dirishani, natangaza rasmi kwamba tangu Jumatatu mwanao anavaa miwani. Mama aliponiona alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa angalau unafanana na mtu aliyesoma," akasema.

Nimeihitaji kwa sababu binti mmoja niliyemfundisha ameniletea fomu. Anaomba kwenda kusomea shahada ya pili, na lazima watu watatu wanaomjua wamwandikie barua ya kumpendekeza. Nimekaa na fomu hiyo siku tatu. Kila nikishika kalamu nakuona wewe.

Unakumbuka likizo yangu ya mwisho ya chuo kikuu, ile ya miaka ya sabini? Ulikuwa umetoka soko la mifugo, vumbi mpaka kwenye kope. Nikakueleza kwamba nataka kwenda kusoma ng'ambo, barua mbili ninazo, imebaki ya profesa tu.

"Huyo profesa anakujua?"

"Amenifundisha miaka mitatu."

"Sikuuliza hiyo. Anajua umetoka kwa nani?"

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mjinga (na hapo hukukosea sana), kwamba hata mbuzi hanunuliwi kwa mgeni mpaka apatikane mtu wa kusema: huyu namjua, baba yake namjua, mbuzi si wa wizi. "Sasa yeye ataandika nini, na watu wako hawajui?"

Wiki mbili baadaye nilikuwa Nairobi, nikitoka maktaba. Haya, nilikuwa nikitoka kantini. Nikakuona mlangoni kwa profesa. Ulikuwa umepanda lori la ng'ombe kutoka Isiolo, umevaa kikoi kipya, umeshika fimbo na mkebe wa nyirinyiri, ile nyama ambayo Mama huikausha na kuihifadhi ndani ya samli. Nilijificha nyuma ya nguzo. Ndiyo, Baba. Nilikuona kabla hujaniona.

Nilipopata moyo wa kuingia, ulikuwa umeshaketi na mkebe uko mezani kwake.

"Sikuja kuomba," ulikuwa unamwambia. "Nimekuja unijue. Uliza chochote."

Akauliza. Ukamweleza ukame uliomaliza ng'ombe wetu, na ngamia uliyemuuza ili niende shule. Hukunisifu hata kidogo. "Asubuhi ni mvivu," ulisema, "lakini haibi."

Tulipofika nje nikakulipukia. "Baba, umeniharibia! Hapa mkebe kama ule unaitwa hongo. Sasa hawezi tena kuandika!"

Ulisimama pale, umeishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Sikujua," ulisema. "Nisamehe, mwanangu."

Simjui baba mwingine wa kwetu aliyewahi kumwambia mwanawe neno hilo.

Barua haikupatikana, nikarudi Isiolo kushika chaki. Mwaka uliofuata jirani yetu, Mzee Guyo, alikuja kukuomba umsindikize kumposea mwanawe. Ni wewe uliyekuwa ukisema kwenye kila posa mtaani, hata watu wakisema bila wewe hakuna harusi. Ukakataa. "Tafuteni mwingine," ulimwambia. "Mdomo wangu ulimfungia mtoto wangu njia." Mimi nilikuwa hapo hapo, na kikombe mkononi. Tangu siku hiyo hukumsemea mtu yeyote, mpaka mwaka jana tulipokuzika.

Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Profesa alikuwa amenikatalia kabla hata ya likizo ile. "Nitaandika nini?" aliniuliza. "Kwamba unakaa kiti cha nyuma na unacheka vizuri?" Na alisema kweli. Nilikuja nyumbani nikakwambia imebaki barua moja kwa sababu niliona aibu kukwambia nimenyimwa. Kumbe ukaenda kuitafuta, nami nikakutwika lawama ya barua niliyokwisha kunyimwa.

Na jioni ile, wewe ukiwa njiani kurudi, aliniita ofisini. Sikukemewa, hata neno hongo halikutajwa. Alisema: "Baba yako nimemjua kwa nusu saa. Wewe, miaka mitatu, sijakujua. Kama ingekuwa ni barua ya kumpendekeza mzee yule, ningeiandika leo."

Maneno hayo yalikuwa yako, Baba, na mimi nikayaficha. Kutoka mlango wangu mpaka wako ni hatua arobaini, na mpaka tulipokuzika nilikuwa na miaka kumi na miwili ya kuzitembea. Nilizitembea, karibu kila jioni. Nilikunywa chai yako, nikaongea habari za mvua, nikaaga.

Mungu akulaze mahali pema.

Ni mimi, kifungua mimba wako.