Kitambaa Nilichokiacha Nyuma ya Ukuta wa Mawe

Mpendwa Mama Nsimire, naomba msaada wako juu ya jambo ambalo sijamwambia mutu yeyote, hata padri kwenye kitubio, hata mama yangu ambaye alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu lilipotokea: nafikiri nimemwambukiza mafua mutoto wa ngagi, wale ambao ninyi wa redio mnawaita sokwe wa mlimani, na akifa atakuwa amekufa kwa kikohozi changu.

Niko na miaka kumi na sita, tunakaa Majengo hapa Goma, shuleni tunaandika Kifaransa lakini kuungama nimezoea kwa Kiswahili, kwa hiyo unisamehe nikichanganya. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, vita ilitutoa kule nikiwa mdogo, mama akanibeba mgongoni siku mbili, mkono mmoja umenishika matako na mwingine umeshika sufuria, tukalala kambini Mugunga chini ya plastiki, halafu tukaenda Kibumba kwa dada yake, mama mukubwa Mukagasana, ambaye shamba lake linapakana na parke, ile hifadhi ya wanyama. Kule ndiko nilikobeba mawe. Watu walikuwa wanajenga ukuta kwa salongo, kila Jumamosi kila nyumba inatoa mikono, tunaokota mawe meusi ya volkano na kuyapanga bila sementi, ili nyati wasishuke kula viazi na sisi tusipande kukata miti, na muzee aliyesimamia kazi alituambia sisi wakimbizi, "Mukiweka mawe hapa, sitaki kusikia mutu anawaita wageni." Nilikuwa na miaka tisa. Niliweka mawe mengi sana, Mama Nsimire, na mpaka leo najua kipande changu, kuna jiwe moja lenye tundu ambamo ngumi yangu ilikuwa inaingia yote.

Sasa mama yuko kwenye kikundi cha wamama wa Majengo wanaotengeneza briketi, yaani makaa ya kupikia ya unga wa mbao, majani na karatasi za zamani zilizolowekwa, wanayakanda kwa mikono na kuyaanika juani, ili mji huu usiendelee kupikia miti ya parke. Anayeingia kikundi anaapa mbele ya wenzake kwamba hataingia parke kutafuta kuni, na akijulikana ameingia, anatoka. Mama aliapa. Mikono yake ni myeusi hata Jumapili kanisani, na tangu tukimbie sijawahi kumsikia akicheka kama anavyocheka pale, wanamwita Mama Volkano kwa sababu anakasirika haraka na anapoa haraka, na yeye anapenda jina hilo kuliko la ubatizo.

Lakini likizo hii iliyoisha mvua ilinyesha majuma mawili bila kupumzika, briketi zikabaki laini kama ugali, na sisi tulikuwa Kibumba kuvuna viazi vya mama mukubwa, ambaye alikuwa kitandani na mafua makali, na mimi nilikuwa nimeshayachukua kwake, na ndani ya nyumba hakukuwa na hata kijiti kimoja kikavu. Asubuhi moja mama akachukua kamba, nikamfuata. Tulipofika ukutani alilijaribu jiwe la juu kwa mkono.

"Mama, tunaruhusiwa?"

"Ile iliyoanguka yenyewe tu," alisema. "Hatutakata kitu."

Akapanda. Nikapanda nyuma yake, na mguu wangu ulikanyaga lile jiwe langu lenye tundu.

Sasa hapa ndipo sijui niandike vipi. Nimeishi karibu na msitu ule miaka mingi lakini sikuwahi kuwa ndani yake, na ndani siyo kama unavyoonekana ukiwa nje, ndani miti ina ndevu, kijani iko chini na juu na hewani, ukungu unapita kati ya mianzi kama watu wanaohama kimyakimya, na kimya chenyewe kilikuwa kikubwa mpaka nikaona haya kupenga kamasi. Mama alikuwa anafunga kuni. Mimi nilikaa juu ya gogo na kitambaa changu mkononi. Nikasikia matawi yanavunjika polepole, kama mutu asiye na haraka yuko jikoni kwake, na majani yakafunguka, akatoka ngagi, baba yao, mgongo wake kama umemwagiwa majivu, akatuangalia mara moja, mimi na mama, halafu akakaa na kuanza kumenya mwanzi. Tulikuwa si kitu, Mama Nsimire. Tulikuwa wageni waliokuja bila kupiga hodi, na mwenye nyumba ameamua kula kwanza.

"Usikimbie," mama alinong'ona. "Angalia chini."

Sikuweza kuangalia chini. Nyuma yake walipita wengine, na mama mmoja mwenye mutoto mgongoni, na yule mutoto akashuka, akaja, akaja tena, akakaa mbele yangu mahali ambapo ningenyoosha mkono ningemgusa. Alikuwa na kucha kama zangu. Alikuwa anakiangalia kidole gumba chake kama hajui ni cha nani. Macho yake yalikuwa kahawia, na niliona kitu cheusi kidogo ndani yake, kikiwa kimekaa juu ya gogo, na kile kitu kilikuwa mimi. Basi kikohozi kikanishika. Nilikohoa mara tatu, kitambaa kikaniponyoka, na yeye akakiokota, akakinusa, akakiweka kichwani kama kofia, nikataka kucheka, halafu akakitia mdomoni.

Mama yake alikuja, akamnyakua, mkono mmoja chini ya matako, wakaondoka na kitambaa changu. Ukungu ukafunga mlango.

Mama yangu hakuona mambo ya kitambaa, alikuwa amepiga magoti uso chini, akauinua tu wakati yule mama anakimbia na mutoto wake. Alipoinuka machozi yalikuwa yanashuka na alisema neno moja tu, "Anamubeba vile nilikubeba." Kuni tuliziacha palepale, hatukubeba hata moja, siku ile tulikula ndizi mbivu. Tulipofika upande wetu wa ukuta akanigeukia: "Weye na mimi hatukuwa kule. Umesikia?" Nikasema ndiyo, mama.

Ningeendelea kunyamaza. Lakini jana Papa Fortunat, mlinzi wa parke anayekuja kufundisha klabu yetu ya mazingira, alituambia kwamba kuna familia moja ya ngagi upande wa Kibumba ambayo mutoto wake anakohoa, kamasi zinamtoka, hanyonyi vizuri. Landry, ambaye hawezi kukaa dakika tano bila kuchekesha, akasema, "Papa, basi mumupe sirop ya kikohozi!" Darasa zima likacheka. Papa Fortunat hakucheka. Alisema, "Mwanangu, ugonjwa unaokulaza weye siku tatu unaweza kumaliza familia ile yote. Ndiyo maana sisi tunasimama mita saba na tunafunika mdomo na pua, na mwenye mafua anabaki nyumbani." Akasema tena kwamba daktari wa wanyama hajui aanzie wapi, akijua mutoto aliambukizwa siku gani, ni mahali gani na ni ugonjwa gani wa watu, angeamua kama anaweza kungoja, lakini asipojua itabidi amlaze mama wa mutoto kwa sindano ya usingizi ya kurusha, na mama mwenye mutoto mgongoni akianguka vibaya wanaweza kupotea wote wawili. "Kama kuna mutu anajua kitu, aniambie," alisema, na nilihisi ananiangalia mimi, lakini alikuwa anaangalia dirisha.

Mimi najua siku, najua mahali, najua ugonjwa. Nikisema, mama anatoka kwenye kikundi, na sitamsikia akicheka tena. Nisiposema, yule aliyevaa kitambaa changu kichwani anaweza kufa. Nifanye nini?

Barua hii niliianza jana, nikisikia hatua naisukuma chini ya godoro. Sasa ni alfajiri ya Alhamisi na zinakuja tena, najua ni za mama kwa sababu kandambili yake ya kushoto imekatika na inaburuta. Karatasi iko mezani. Naiacha hapo.

Mimi, mwenye haya wa Majengo

*

Binti yangu wa Majengo,

Wasikilizaji watasikia jibu hili Jumamosi. Wewe unalisoma leo, Alhamisi, na utajua sababu.

Leo asubuhi mama mmoja alifika mlangoni kwa studio yetu hapa Birere, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akanipa karatasi isiyo na bahasha. Juu ya neno "kitambaa" kulikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba. Nikasoma amesimama, nikamuuliza kama anajua kilichomo. "Mwanangu aliniacha nisome, akageukia ukuta," alisema. "Hatujaongea. Uisome Jumamosi, mama, nitafungua redio akiwa karibu yangu, halafu tutaongea."

Nilikataa. Ninyi wawili mna haya mpaka mnataka redio iwafungulie mdomo! Na yule anayekohoa mlimani, yeye anangoja Jumamosi?

Kwa hiyo nimeandika jibu nyuma ya barua yako, na amelibeba yeye. Sikia sasa. Hukufanya kwa ubaya. Ulikuwa mutoto mgonjwa aliyeona kitu ambacho mimi niliyezaliwa Goma, ninayeuona mlima kila asubuhi nikifungua dirisha, sijawahi kuona na pengine sitaona. Nilisoma habari ya kile kidole gumba mara mbili, nikasahau kwamba chai yangu inapoa. Lakini mutu akipewa kuona kitu kama kile, hapewi bure. Tangu jana ulikuwa na siku, mahali na ugonjwa mkononi, na ukaviweka chini ya godoro. Hapo nakugombeza, na ninakugombeza kweli.

Kabla jua halijashuka, wewe na mama yako mtakwenda kwa Papa Fortunat. Usipeleke insha. Peleka vitu vitatu alivyoomba, na cha nne ambacho hakukijua aombe, kwamba mutoto alitia kitambaa mdomoni. Umwambie na kipande cha ukuta mlipopandia, pale penye jiwe la tundu, atapapata haraka. Kama bado unakohoa, simama mbali naye pia, yeye ndiye anayewaendea ngagi. Na ukuta ule usiupande tena. Siku ukialikwa kuwaona, utaingia kwa mlango.

Halafu kikundi. Mama yako atawaambia wenzake yeye mwenyewe, kesho, kabla hawajasikia sauti yangu. Na ninyi wamama wa kikundi mnaonisikiliza Jumamosi, msinikunjie uso. Majuma mawili ya mvua, briketi zote maji, nani kati yenu alipika, na alipikia nini? Sitaki majibu hewani. Mliapisha watu msimu wa jua. Jengeni kibanda chenye bati cha kukaushia, wekeni akiba kavu ya kila nyumba kwa wakati wa mvua, ndipo mtakuwa na haki ya kumwambia mwenzenu atoke. Mkimfukuza huyu, mtabaki na wale ambao wamenyamaza.

Nilimuuliza mama yako kama anaogopa kufukuzwa. Alisema, "Naogopa. Lakini nilimuona yule mama akikimbia na mutoto wake. Mimi nilishakimbia hivyo."

Yuko mbele yako sasa, nimemwambia asiondoke mpaka umalize mstari huu. Kandambili tumeifunga kwa kamba ya studio, itafika. Inua macho, mwanangu. Muanze kutembea.

Mama Nsimire