Sabuni Iliyokataa Kuganda

Jumatatu, 3 Machi 2025

Imekataa tena! Boksi zima. Nimefunua nailoni asubuhi, kisu mkononi, tayari kukata vipande — laini kama uji wa mgonjwa, mafuta mekundu yanaelea juu. Mara ya pili hii! Na nimefanya kila kitu sawasawa. Nimepima kwa mzani. Nimetia kostiki, ile soda kali, kwenye maji, si maji kwenye kostiki. Nimekoroga mpaka bega likalia. Haikushika uzito. Hata maji ya kostiki hayakupata ule moto wake, nikasema labda ni baridi hii ya Heru Juu, mvua haikatiki.

Na nesi Mwanaheri anazisubiri kule zahanati, za wodi ya wazazi. Zile za kwanza alizirudisha. Mtu wa Pangani, maneno laini hata akikutukana: eti Da Josepha, hii ya kuogea au ya kupaka kwenye mkate? Nilicheka. Sikupenda hata kidogo. Kanipa nafasi moja tu, nikiharibu tena anachukua za dukani.

Jumatano, 5 Machi (Majivu)

Padri katupaka majivu, kasema Kwaresima hii tufunge na ulimi pia. Mimi kanisani nawaza sabuni.

Kopo la kostiki ni lile lile. Mzani ule ule. Mikono hii hii. Kilichobadilika ni nini? Mawese! Dumu jipya nililonunua sokoni kwa Mama Irakoze. Ameyachanganya na kitu, naapa. Nimemwambia mabukwe — mama wa mume wangu Castory, anakaa nasi tangu Krismasi. Kajibu, mafuta ni mazuri mkazana wangu, mbona kisamvu ninakipikia na kinanoga. Kisamvu! Sabuni si kisamvu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda sokoni na boksi langu kichwani. Nimelitua mbele ya meza ya Mama Irakoze, watu wamejaa, nikachota ule uji kwa mkono: tazameni, haya ndiyo mawese ya Mama Irakoze! Mafuta gani haya, umechakachua na nini?

Kasema taratibu, Mama Yusta, njoo pembeni tuongee. Pembeni kufanya nini? Nikapandisha sauti. Nikasema wakimbizi hamna shukrani.

Ndiyo, nilisema. Lilinitoka. Ana kitambulisho cha taifa kama changu. Kambi ya Mtabila ilipofungwa yeye alishaolewa hapa hapa, na tangu hapo tunaimba kwaya benchi moja, sauti ya pili. Yusta alipozaliwa ni yeye aliyeniogesha. Alichukua kitambaa akafuta mafuta niliyomwaga mezani pake. Wanawake wawili wakarudisha chupa zao, wakaondoka.

Sijutii! Mtu asinichezee kazi yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Kwaya jana hakuja. Shauri yake.

Alhamisi, 13 Machi

Yesu na Maria. Nimenunua mawese mengine, Kasulu mjini, kwa mtu nisiyemjua hata jina. Nimekoroga upya Jumanne. Leo nimefunua.

Uji! Uji ule ule!

Haiwezekani. Mjini nako wanachakachua? Wote? Castory kacheka, kasema labda sabuni imekusikia sokoni ikaogopa. Nimemnyima chai.

Halafu Esteri wa jirani kapita, kasema Mama Irakoze sasa anapandisha madumu yake lori la Kibondo, hapa hakuna anayenunua tena. Analala huko, anarudi Jumamosi, Irakoze anabaki peke yake nyumbani. Nikasema vizuri. Nikasema mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Hasira hizi sijui nizipeleke wapi.

Nilitaka kujaribu kidogo tu, kwenye kikopo. Nikatia kostiki kwenye maji, nikashika kwa nje. Vuguvugu. Kostiki gani hii? Siku zote ukigusa unaruka! Nikalimwaga kopo lote juu ya gazeti. Chembe za kostiki zipo, chache. Kilichobaki ni unga, wa kijivujivu. Unga huo naujua. Nautia kwenye maharage tangu nizaliwe.

Magadi!

Nikamwita mabukwe. Hata hakubabaika. Ego, ndiyo, ni mimi. Kasema sabuni ile ya Januari ilimchubua viganja, akanyamaza asinivunje moyo. Kisha akasikia naipeleka kwa watoto wachanga. Akaona aipunguze ukali: akachota kostiki akaitupa chooni, akajaza magadi, maana nayo husafisha, na wao zamani walifulia majivu ya maganda ya ndizi wala hakuna aliyechubuka. Akanionyesha viganja. Kweli vina makovu.

Kwa nini hukuniambia, mama? Kasema, ungekataa.

Sasa nimfokee nani? Mama mkwe hafokewi! Nimetoka nje nikapiga teke ndoo, nikaumia kidole. Nimemwomba neno hili asilitoe nje. Nimenunua kopo jipya. Kesho nitaenda kwa Mama Irakoze.

Jumamosi, 15 Machi

Sikuenda. Mvua.

Mvua gani, manyunyu tu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika haraka, nimeingia chumbani nikasema natafuta glavu.

Tumetoka misa, nimefika nyumbani, uwanja umejaa. Mama Irakoze yupo katikati na dumu la mawese, amevaa sare ya kwaya. Irakoze nyuma yake. Esteri yupo, nesi Mwanaheri yupo, wale wawili wa chupa nao wapo. Kasema mbele ya wote: Mama Yusta, pika sasa hivi, mafuta yangu, mikono yako, tuone. Ikikataa, siuzi mawese tena Heru Juu, nahama na mwanangu. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata la kujibu!

Makopo yote mawili yapo hapa, chini ya kitanda. Nikitoa jipya sabuni itashika uzito, na wote watajua mwongo nani. Nikitoa la zamani itakuwa uji, mabukwe atapona, na mimi nitapona. Na yeye atahama. Mungu wangu, hata kulifikiria! Na nimelifikiria. Kwa nini asije peke yake, jioni, kama watu? Kwa nini anifanyie mbele ya watu?

Nilimfanyia wapi mimi.

Mabukwe yupo mlangoni. Masikio yake mazito, kwa hiyo na sauti yake ni ya kuita ng'ambo ya bonde: "Mkazana, nikusaidie kubeba? Kopo lipi, lile nililotia magadi au hili jipya?"

 

Halafu Mama Irakoze, polepole: "Magadi gani, Mama Yusta?"

Glavu ziko mkononi mwangu tangu nilipoingia, sina tena cha kutafuta, natoka —