Gauni Lililoletwa na Jirani

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani wewe, binti yangu, kwamba kifuniko cha birika kimepatikana chini ya kabati. Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto.

Asubuhi hii jirani yetu, yule mama fundi cherehani, alibisha hodi akiwa na gauni la marehemu mama yako. Tangu tuhamie mji huu hakuna aliyetubishia hodi, hata wakati wa msiba. Nilikagua mishono yote nikitafuta hila. Sikuiona, jambo lililonizidishia shaka.

“Shemeji, nimelipunguza limkae binti.”

“Nani amekutuma?”

“Si binti mwenyewe, ndiye aliyeniletea! Kila jioni yuko kwangu, tunamzungumzia mama yake.”

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliambiwa uko maktaba. Humu ndani hatujamtaja mama yako tangu tumzike, nami nilidhani tumeafikiana.

~~Usikanyage tena kwa mwanamke huyo.~~ Ukienda, chukua mwavuli.

Imeamuliwa kwamba gauni libaki kitini, lisivaliwe wala lisirudishwe, mpaka kikao kitakapoitishwa. Tarehe ya kikao haijapangwa.

Baba