Maneno Matano ya Mama

Alhamisi, 5 Juni 2025

Tumerudi jana jioni kutoka Dar kwa treni, mimi na mama. Nimechoka mpaka mifupa. Leo nimefundisha vipindi vinne nimekaa. Mwalimu mkuu ameona, akapita zake.

Niandike nisije nikasahau. Daktari Rehema wa Dar anasema mlango mmoja wa moyo wa mama umekakamaa kwa chokaa, haufunguki vizuri. Ndiyo maana akipanda ngazi tatu tu anashika kifua. Ana miaka sabini na tisa, kifua hawatampasua. Watapitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wafungue mlango mpya ndani ya ule wa zamani. Nikasema Mungu mkubwa! Kumbe hajamaliza. Ile chokaa ikisukumwa inaweza kumeguka, vipande vikapanda na damu hadi kichwani — kiharusi. Kwa hiyo wataweka vichujio vidogo kwenye mishipa ya kichwa, vinase vile vipande, halafu wavitoe.

Nikauliza, vinanasa vyote? Akasema hapana. Kuna mshipa unaopita nyuma ya shingo, huo hawaukingi. Na utafiti wenyewe haujathibitisha kwamba vinamsaidia kila mtu. Nilimpenda kwa kusema kweli. Nilimchukia pia.

Kabla hatujaondoka nesi alianza kumpima mama kumbukumbu. Alimtajia maneno matano: sindano, mvua, kiti, ndizi, njano. Akampa karatasi achore saa ya mishale, kisha akamtaka ayarudie yale maneno. Mawili tu! Mama alikuwa anahema, nesi akasema basi, bibi amechoka na safari, hatuandiki kitu, tutampima siku ya kulazwa. Mawili. Huyu huyu anayejua kila mdalasini wa kijijini kwetu Kinole uko shamba la nani na bibi gani aliupanda.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mama hakwenda misa. Kutoka kitandani hadi mlangoni tu alipumzika mara mbili.

Kaka Anselmi ameshuka kutoka Kinole na ndizi na mananasi. Anasema watu wa ukoo wana wasiwasi. Mipaka ya mashamba yote imo kichwani mwa mama, akirudi hana kumbukumbu itakuwaje? Nikawaka. Wao wanawaza mipaka! Mimi nawaza kama atanijua.

Halafu akaniachia neno lingine, huku anaondoka. Eti mzee ambaye kichwa kimeanza kuyumba hawamwekei mlango mpya, wanawapa wenye akili timamu. Nani kasema? Watu. Watu gani? Hajui. Lakini limeniingia na halitoki.

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza. Sijivunii.

Shule zimefungwa, kwa hiyo tunakaa barazani asubuhi na jioni. Mimi nataja, mama anarudia. Siku ya kwanza mawili. Nikayaandika kwenye daftari, 2/5, kwa kalamu nyekundu — mkono umezoea. Leo kapata manne. Kuchora saa ndiyo kazi, namba zote anazirundika upande mmoja. Nikamfundisha aanze na kumi na mbili juu, sita chini, tatu na tisa pembeni. Tumechora saa kumi na mbili leo, hapana, kumi na tatu.

Miaka ishirini na sita nimefundisha. Najua kumvusha mtoto mtihani asioujua. Unamkaririsha tu.

Mama anacheka, anasema leo nimekuwa mwalimu wake, nisije nikamchapa. Juzi alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nilikunywa yote.

Jumatatu, 16 Juni

Amelazwa. Nesi yule yule, karatasi ile ile. Matano! Na saa imetoka safi. Nesi akamwambia bibi anawashinda vijana. Mama akanitazama kama mtoto wa darasa la kwanza aliyepewa alama ya vema.

Nami nikafurahi. Nilifurahi kabisa, mtu mzima mimi.

Jumanne, 17 Juni

Daktari Rehema alipita jioni. Nikamuuliza, basi kwa kuwa mama amefaulu, mlango atapata? Akanishangaa. Akasema:

— Hakuna kufaulu hapo, mwalimu. Tumempima jana ili keshokutwa tulinganishe. Akipungua, tunajua kuna kitu kimefika kichwani.

Nikalisukuma daftari chini kabisa ya mkoba.

Nilijiambia nikisema kwamba nilimkaririsha wataahirisha, na mama hawezi tena kulala chali, analala amekaa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua — methali hiyo naifundisha mwenyewe darasa la tano, na mfano natoa!

Jumatano, 18 Juni

Saa mbili walimwingiza. Saa tano na nusu wakamtoa. Mlango umefunguka.

Daktari akanionyesha kichupa. Makombo yaliyonaswa na vichujio. Meupe, mengine ya manjano, kama vumbi la chaki chini ya ubao. Hayo yote yalikuwa yanakwenda kichwani kwa mama. Nililia pale korido mpaka mfagizi akanivutia kiti.

Anselmi kapiga. Neno la kwanza, anakumbuka mipaka? Nimekata simu.

Mama amelala chali. Anapumua kama mtu. Asante Mungu.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kupiga picha za kichwa.

Asubuhi nesi alimpima. Sindano, mvua, kiti, ndizi, njano, bila kusita. Saa akaichora huku anaongea. Daktari Rehema akalinganisha karatasi mbili, akasema hakuna tofauti, kichwa kiko salama. Nikasema asante. Nilisema asante!

Mchana wakaleta wali, maharage na mchicha. Mama akala wali wa upande wa kulia mpaka katikati ya sahani, akaweka kijiko. Akanung'unika, hospitali kubwa namna hii hawatoi mboga? Mboga ipo, hapo kushoto. Nikadhani ananitania. Nikaizungusha sahani. Akasema kumbe ipo, akala.

Nikazunguka kitanda, nikasimama kushoto kwake, nikampungia mkono. Akaendelea kutafuna. Nikahamia kulia, akaniuliza nilikuwa wapi.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu ujana. Daktari Rehema alikuwa wodi ya pili, nikamwambia mbele ya watu wote:

— Daktari, mama haoni upande mmoja. Na yale maneno nilimkaririsha mimi. Wiki nzima. Na saa pia.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alikuwa tayari anatembea, huku ananiuliza. Mara ya mwisho kuona kwamba mama anaona pande zote ilikuwa saa ngapi? Kila dakika ina maana, jaribu kukumbuka, mwalimu.

Sikuweza. Asubuhi yote nilikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nayahesabu kwa vidole chini ya kanga. Macho yake sikuyatazama hata mara moja.

Akauliza la pili: kabla ya kumfundisha alipata mangapi? Hilo ninalo. Nikatoa daftari. 2/5, kalamu nyekundu, tarehe imeandikwa. Akalipiga picha kwa simu.

Alimpima mama kwa kidole, huku na huku. Akasema huenda ni ule mshipa wa nyuma ya shingo, huenda ni jambo lililokuwepo zamani na mimi nikalifunika. Picha ndiyo itasema. Wakafungua breki za kitanda.

Nilitembea upande wa kulia ili anione. Mama akanishika mkono. Mkono wake una joto sasa, miaka miwili ulikuwa wa baridi. Akanitazama usoni muda mrefu.

— Winfrida, mbona unalia? Nimefeli?

Nikaubana mkono wake mpaka kizingitini. Wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa.