Mikono Iliyofunga Injini ya Baba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limepunguza ukorofi, na yule jirani yako wa ukuta mmoja ameanza kurudisha vitu anavyoazima. Sisi huku tunapumua. Nilitaka kuandika kwamba hatujambo, lakini mkono umekataa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia ilhali simu ipo. Simu nikipiga, mdogo wangu ananisikia. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na ukuta wa mbao katikati. Mmoja akipiga chafya, mwingine anaitikia. Barua hii naiandikia kazini, juu ya meza ya kukatia vitambaa, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kula.

Nianze na gari la baba. Mara ya mwisho uliliona likiwa juu ya matofali, kuku ametagia kiti cha nyuma. Kitinda mimba wako amelifufua. Tangu alipoacha kuendesha basi la shule amekuwa akikusanya vifaa kimoja kimoja: turbo ya kusukuma hewa, kubwa kuliko ya zamani, nozeli mpya za kupulizia mafuta, pampu ya mafuta, bomba pana la kutolea moshi. Unakumbuka baba alivyokuwa akijigamba kwamba siku moja gari lile litapanda kilima cha kwenu bila kubembelezwa, na akatutoka likiwa bado linakohoa kuliko yeye. Sasa mwanao akasema atakipanda kilima hicho mwenyewe, usukani mikononi, na wewe utamsikia tangu kule chini kwenye daraja.

Mpango wake ulikuwa hivi. Vifaa tungevifunga wenyewe hapa uani, kisha gari livutwe kwa kamba hadi kwa fundi mmoja anayepanga injini kwa kompyuta. Injini ikishapewa pumzi na mafuta zaidi ya ilivyozoea, lazima kompyuta ndogo inayoiongoza ifundishwe upya, la sivyo injini inaweza kujiunguza yenyewe. Na fundi huyo hagusi gari lililofungwa ovyo ovyo. Husema kompyuta haikazi nati.

Nimesema tungefunga, na najua umetabasamu. Mimi, mshona sare za shule, nilale chini ya gari? Ndivyo ilivyokuwa, Mama. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki akielekeza, mimi nikashika spana. Wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kwetu mhunzi alikaa, mvukutaji ndiye akasana. Alinifundisha kukaza nati kwa msalaba, hii kisha ile ya mkabala wake, kidogo kidogo. Nilipomwambia kumbe ni kama kushikiza kitambaa kwa pini kisivute upande mmoja, alisema basi nimeshakuwa fundi, nilichokuwa nimekosa ni uchafu tu. Siku nyingine niliweka gasketi kinyume, akacheka hadi mate yakampalia. Kicheko kile kilikwisha vibaya. Nilimshika mgongo, nikamwinamisha, mpaka pumzi ikarudi. Kisha akanielekeza nati inayofuata.

Palibaki ule mkanda wa chuma unaobana bomba la mpira la hewa kwenye turbo. Akaomba aufunge mwenyewe. Alisema hawezi kwenda kwa fundi bila hata kitu kimoja kilichofungwa kwa mkono wake. Nilimsaidia kuinuka, nikampa bisibisi, nikageuka na kujifanya nafuta spana, kwa sababu bisibisi ilikuwa ikianguka, akiiokota, ikianguka tena. Aliposema tayari, nilitazama nikaona mkanda umekaa upande. Sikuugusa. Ningewezaje?

Fundi huyo watu wanamwita Kimya, na jina limemkaa. Karakana yake ina sakafu safi kuliko jiko langu, na katikati kuna roli za chuma zilizozamishwa chini, magurudumu yazunguke hapo hapo bila gari kwenda popote. Kabla ya lolote alipuliza moshi ndani ya mabomba aone kama kuna panapovuja. Moshi ukatoka kwenye ule mkanda, mwembamba kama uzi. Akauliza nani amefunga hapa. Nikadakia kwamba ni mimi.

"Dada, acha," mdogo wangu akasema kutoka kwenye kiti cha abiria. "Ni mimi, fundi. Mikono yangu ndiyo hii."

Akaiinua aione. Huwezi kuitambua mikono ile, Mama. Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imeisha, pamebaki bonde. Kimya aliitazama, akachukua bisibisi, akanipa mimi. Nikafungua, nikalaza mkanda sawa, nikakaza. Moshi haukutoka tena.

Wakati wa kupima, mtu mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga mafuta huku fundi akisoma kompyuta. Mdogo wangu akaomba awe yeye. Kimya alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Tulimbeba tukamkalisha. Mwanzo ulikuwa mzuri. Magurudumu yalizunguka, sauti ikapanda, nikaona uso wake umekuwa ule wa utotoni baba alipokuwa akimpakata kwenye usukani. Kisha Kimya akamwambia aachie. Hakuachia. Akamwambia tena. Injini ilikuwa inalia karakana nzima inatetemeka, naye alikuwa anautazama mguu wake kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

"Dada, haunyanyuki," aliniambia.

Nilifungua mlango nikaushika mguu wake kwa mikono miwili nikauondoa, Kimya akazima. Mdogo wangu alilia bila sauti, na hata machozi hakuweza kuyafuta, nikamfuta kwa khanga. Baadaye Kimya alikaa mwenyewe, akamaliza kazi yake. Gari ni zima, Mama. Linanguruma vizuri. Yeye halitazami, amegeuza kiti chake upande wa ukuta.

Sasa nikwambie lile lililonitoa kwenye cherehani. Mwanao ana ugonjwa wa mjomba. Ule ule. Daktari amesema hivyo, na nilikuwa nimeshajua kabla hajasema, kwa sababu niliwahi kukuona ukimlisha ndugu yako kwa kijiko, ukimfuta kidevu, ukitoka nje kulia na kurudi unacheka. Hakuacha basi la shule kwa sababu ya kuchoka kama alivyokwambia. Siku moja kwenye kona mkono ulichelewa kugeuza usukani. Watoto hawakudhurika, lakini aliegesha, akatoa funguo na hakurudi tena. Na yale maneno yake yanayoburuzika kwenye simu, uliyoniuliza kwa siri kama ameanza kunywa, si ulevi. Hajaonja hata tone. Ni ulimi.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema ulishazika mmoja wa ugonjwa huu na huwezi kuanza tena, na kwamba atakuja mwenyewe, anaendesha, umwone mzima walau siku moja. Ndiyo maana ya turbo, ndiyo maana ya yote. Alikuwa anashindana na mwili wake, na mwili umemshinda. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimechagua kuvunja kiapo kabla ya hapo. Akinilaumu, na anilaumu.

Na kuna jingine. Daktari amesema na mimi nipimwe, kwa kuwa ugonjwa huu unatembea katika damu. Sijaenda. Kila asubuhi natunga uzi kwenye sindano, na ukipita mara ya kwanza namshukuru Mungu, usipopita naanza kutetemeka, kisha sijui kama natetemeka kwa hofu au kwa kingine. Maji yamenifika shingoni. Sitaki kwenda peke yangu. Nataka uwe umekaa karibu yangu, unishike goti kama ulivyokuwa ukifanya nikichomwa sindano.

Kwa hiyo tunakuja, shule zikifungwa na oda za sare zikipungua. Nitaendesha mimi. Nimeanza kulizoea hili gari, ingawa nikikanyaga mafuta linaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Yeye bado hajakubali, lakini nitamfunga mkanda hata akinuna.

Nisalimie shangazi, na umwambie magauni yake yako tayari. Nisalimie jirani, na ufagio wako aliouazima aurudishe. Nawe ule, Mama, usijifungie ndani kwa habari hii.

Siku utakaposikia gari la baba linapanda, usikimbilie mlango wa dereva. Zunguka. Atakuwa upande wa pili, na hataweza kufungua mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mshona Sare