Mguu wa Mama Mkwe

Alhamisi, 2 Novemba

Verni ya kucha, tabaka la tatu. Kucha ya kidole gumba cha kulia haionekani tena. Chini yake naijua: ya njano, nene, inamegekameka. Nilijaribu limau na chumvi. Nilijaribu javel ya kufulia, ikaniunguza ngozi, kucha ikabaki vilevile. Na mimi nauza viatu vya wazi pale sokoni Nyawera! Mteja akitaka nivae nimwonyeshe, najifanya mgongo unauma. Hata Papa Ombeni, mume wangu, hajaiona.

Kesho mama yake anakuja kutoka kijijini Nyantende. Jumamosi ni dot ya Furaha, wifi yangu. Upande wa bwana harusi wataleta mahari hapa kwetu Muhumba. Viti havitoshi. Nimechoka kabla ya kuanza.

Ijumaa, 3 Novemba

Mama mkwe kafika na maharage, viazi vitamu na matope ya njia nzima. Niliona miguu yake nikaona haya. Visigino vimepasuka, kucha ndefu, ngumu, zimejikunja. Ni miguu ya mtu aliyelima tangu utoto, najua. Lakini niliwaza wale wageni wa mjini watakavyoitazama. Nikamtolea viatu vya wazi, rangi ya dhahabu, vizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Akasema ana vyake vya kufunika, vinamtosha. Nikamkatalia.

Papa Sadiki alipita na kikapu chake akigonga vichupa vya verni. Ndiye anayepaka kucha wanawake wa avenue yetu, mtaa mzima. Nilimwita. Alipokuwa bado kwa jirani, niliona aibu azikute kucha zile jinsi zilivyo. Nikachukua kikata kucha kinachoning'inia kando ya kioo, cha nyumba nzima. Asubuhi nilikuwa nimekata nacho kucha yangu ile. Nikakifuta kwenye kikwembe nilichojifunga kiunoni, basi. Nikakata. Nikachimba mpaka ndani ya pembe. Damu ikatoka. Mama mkwe hakushtuka hata kidogo. Nikasema moyoni, watu wa shamba ni wagumu. Nikabana kwa pamba mpaka damu ikakauka.

Papa Sadiki alipofika, alipaka tu. Nyekundu, vidole vyote.

Jumamosi, 4 Novemba

Dot imekwenda vizuri. Ng'ombe wamekubaliwa, Furaha amelia kidogo kama inavyotakiwa. Shangazi wa bwana harusi alisifia miguu ya mama mkwe mbele ya watu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jumatatu, 6 Novemba

Mama mkwe kabaki nasi kidogo apumzike. Chumbani mwake kuna harufu. Nimesingizia viatu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemtoa verni.

Kidole kimevimba, pembeni ni cheusi, kinatoa maji. Nikabonyeza. Nikamuuliza kama inauma. "Haiumi, mwana wangu. Hata kidogo." Alisema huku anacheka, eti mbona nimekunja uso. Kingeuma ningefurahi. Papa Ombeni atampeleka kituo cha afya kesho asubuhi. Nitaenda nao.

Alhamisi, 9 Novemba

Sukari yake imepanda sana. Muuguzi alimchoma na kitu chenye ncha kwenye wayo, mama mkwe akaendelea kutazama dirishani. Mguu hausikii. Kumbe siku ile hakuwa mvumilivu. Hakuhisi chuma.

Na nilijua ana kisukari. Anakunywa chai kavu, bila sukari, mezani kwangu, mimi ndiye ninayemmiminia. Nilijua, sikufikiri.

Muuguzi akauliza: "Ni nani alikata hii kucha?" Papa Ombeni akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Ni ule mutu wa verni." Mama mkwe alikuwa ameinama anatafuta ndara yake, sijui kama alisikia. Mimi nilisikia. Nilinyamaza.

Wakisema mfupa umeguswa, kidole kitaondolewa. Ubaya ukipanda, mguu. Mwanamke wa shamba bila mguu. Na ni mimi niliyemfanyia.

Ijumaa, 10 Novemba

Papa Ombeni hakwenda kazini mapema. Alimngoja Papa Sadiki barabarani. Niliposikia vichupa vinagongwa nilitamani apite avenue nyingine. Akaja.

"Ulikata mama yangu na machuma yako ya buchafu!" Wanawake wote wakatoka. Papa Sadiki akaweka kikapu chini, akasema polepole: "Papa, miye nilipaka tu. Muulize maman, muke wako."

Mama mkwe alikuwa bado amelala chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Hatua chache tu. Papa Ombeni hakuniuliza, akapiga kikapu teke. Verni zikamwagika kwenye mawe. Papa Sadiki akaokota vichupa vilivyobaki vizima, akaondoka bila kutukana. Ni mtu mzima, ana watoto kama sisi.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo kwa sababu hakuna jina lingine.

Jumapili, 12 Novemba

Sikupokea komunyo. Jirani yangu aliniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Baada ya misa wanawake walikuwa na habari moja tu. Hakuna atakayemwita tena Papa Sadiki. Mmoja amekumbuka ghafla kwamba na yeye aliwahi kuumizwa naye. Mwongo mkubwa. Lakini mimi ni nani wa kumwita mtu mwongo?

Nyumbani mama mkwe aliniomba msamaha kwa kutusumbua. Eti ni miguu yake ya shamba, imezoea matope. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Jumanne, 14 Novemba

Leo nilimpeleka peke yangu kubadilishiwa bandeji. Mvua ilitunyeshea, viatu vikajaa maji, muuguzi akaniambia nivivue. Verni yangu ilikuwa imebanduka. Aliona.

"Maman, hii yako ni fangasi. Iko ya zamani. Nyumba nzima munatumia kikata kucha kimoja?" Nikasema ndiyo. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha pili na bandeji yake. Basi nikamweleza yote. Kikata kucha, kikwembe, damu, pembe, pamba. Hata pazia.

Nilingoja anifokee. Hakufoka, akaendelea kukunja bandeji. Alisema fangasi ya kucha huenda polepole. Kama nimempa na hiyo, tutaiona baada ya miezi. Kinachomla sasa ni kidonda kile na uchafu ulioingia, na verni iliyokifunika kisionekane. Mtu wa kisukari hakatwi pembe, hakwanguliwi kisigino kwa wembe. Kucha inakatwa moja kwa moja, taratibu, kwa chuma kilichosafishwa na kuchemshwa, tena chake mwenyewe. Yangu nayo, javel siyo dawa. Kuna ya kupaka na kuna vidonge, ya miezi mingi, na damu ipimwe kwanza. Verni niache, vidole nikaushe, viatu nisivae vikiwa vibichi.

Kisha akaniuliza kama nyumbani wanajua. Nikasema hapana.

Jumatano, 15 Novemba

Nimesema. Tulikuwa mezani, bugali bado moto. Sikutafuta maneno mazuri. Nikavua kiatu, nikawaonyesha kucha, nikawaambia ni mimi niliyekata.

Papa Ombeni alitazama kidole changu muda mrefu. Akanawa mikono bila kula, akatoka kwenye mvua bila koti. Ningependa anipige kelele. Amerudi, amelala kwenye kiti cha sebuleni.

Mama mkwe alisema: "Basi, mwana wangu. Ilishaisha." Alisema akiutazama ukuta.

Jumamosi, 18 Novemba

Tumekwenda kwa Papa Sadiki, Kadutu, mimi na Papa Ombeni. Mke wake alitufungulia mlango, hakutupa viti. Ana haki.

Papa Ombeni aliomba msamaha kwanza, kwa teke na kwa maneno. Kisha ikawa zamu yangu. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilidhani atakasirika. Alikaa chini, akashika kichwa.

"Kila siku najiuliza, pengine ni miye kweli. Pengine kijiti changu kiligusa pahali."

Alikuwa ameshaacha kazi. Anabeba mchanga kwenye majengo ya watu. Vifaa vyake amevichemsha mara nyingi mpaka mipini ya plastiki imepinda, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Nilikuwa nimemwibia wateja, hilo nililijua. Sikujua kwamba nilimpa na dhambi yangu aibebe. Mke wake alianza kulia, siyo kwa huzuni, kwa hasira. Hakuna aliyemnyamazisha.

Tulipofika nyumbani, Papa Ombeni alizunguka avenue nzima, mlango kwa mlango, akisafisha jina la Papa Sadiki. Nilikwenda naye. Jirani yangu wa misa alinitazama miguuni.

Ijumaa, 24 Novemba

Mfupa haukuguswa. Kidole kitabaki. Kucha imeanguka. Nimelia mbele ya watu wote pale kituoni, mama mkwe akanipapasa bega. Bega tu, haraka.

Jumapili, 10 Desemba

Kidonda kinajifunga. Kila mtu nyumbani ana kikata kucha chake sasa. Watoto wanacheka maji yakichemka, wanasema mama anapika vyuma. Mimi nakunywa vidonge. Misani nilivaa ndara za wazi, kucha bila verni, mbaya kama ilivyo. Waliotazama wametazama. Nilipokea komunyo.

Jumamosi, 16 Desemba

Mama mkwe anarudi Nyantende kesho. Nilimwekea beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Nilipiga magoti, nikanyoosha mkono. Akavuta mguu. Kidogo tu, wala hakunuia, naona. "Acha, nitajinawisha mwenyewe."

Papa Sadiki akapita. Amerudi kazini wiki hii, kwa kikapu kipya. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Alimpa mguu mzima tu, ule wenye kidonda ni wa muuguzi. Papa Sadiki hakukata kitu. Alisugua ncha za kucha kwa tupa ya mama mkwe mwenyewe, taratibu, wakiongea habari za maharage na mvua. Mama mkwe alilegeza mguu wote juu ya paja lake, akafumba macho.

Mimi nilisimama na taulo. Alipomaliza, mama mkwe aliichukua mikononi mwangu, akasema aksanti, akajifuta mwenyewe.

Nikaenda kumwaga maji.