Herufi Mbili na Kitufe cha Tab

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua ngazini. Shemeji hajambo? Sisi huku wazima wa mwili. Watoto wanakua, viatu vinawabana kila baada ya miezi mitatu, na wifi yako anakusalimu sana. Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu ambaye hata salamu huzituma kwa vifupisho. Ningepiga simu, lakini nakujua: mimi ningeanza kusitasita, wewe ungeanza kunipoza, nami ningepoa. Safari hii sitaki kupozwa.

Nianze na kazi, maana yote yametokea huko. Unaikumbuka Ghala, ile programu tunayotengeneza ofisini, ambayo nilikuwekea mwenyewe kwenye kompyuta yako ya chuo cha wakunga unakofundisha ili kitabu unachowaandikia wanafunzi kisipotee. Inatunza kila toleo la kazi, la jana na la juzi, na haina picha za kubofya, unaiandikia amri. Nilikufundisha nimekalia kiti chako, nawe umesimama nyuma yangu umeshika kiuno: ukimaliza siku, andika “fu”, bonyeza Tab, neno litajimalizia lenyewe kuwa “funga”, taja kitabu, bonyeza Enter. Itakuuliza kama una hakika, nawe jibu “n” ya ndiyo. Ulicheka ukasema hata kuzalisha mapacha hakuna masharti mengi hivyo. Lakini ulishika, na kwa miaka miwili ulifunga kazi yako kila alasiri bila kutazama vidole.

Mwanzoni mwa mwaka huu mkuu wetu alinikabidhi kazi ya kuiboresha hiyo Tab. Watu walilalamika kwamba ni nzito, na kwamba maneno mawili yakianza sawa inakwama. Wengine hawakupenda amri ya kuondoa kazi, iliyokuwa “teketeza”, wakisema ni ndefu na inatisha. Nikaifupisha kuwa “futa”. Hapo “fu” ikawa na wenyewe wawili. Badala ya kuiacha Tab isimame na kuuliza, niliifanya ichague yenyewe neno linalotumika zaidi. Na ili kujua lipi linatumika zaidi, dada, nilihesabu kwenye kompyuta yangu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kujaribu programu, ninayetunga kazi za uongo na kuzifuta mara arobaini kwa siku. Nikawagawia watu wote tabia ya vidole vyangu. Ofisini walinipigia makofi, kichwa kikavimba, nikapewa kuongoza kikundi. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunipongeza.

Wiki mbili baadaye ukanipigia simu alasiri, sauti imekwisha kabisa. Ulisema kioo kimeandika kwamba kitabu kimefutwa. Nilikuuliza umebonyeza nini, ukasema umebonyeza yaleyale ya siku zote. Nilijua palepale: Tab yangu ilikumalizia “futa”, nawe ukaijibu “n” kwa mazoea. Hata hukuwa umemaliza sentensi. Nikatazama mlango wa mkuu uliokuwa wazi, nikakwambia, “Huenda umechoka, dada.”

Maneno matatu hayo. Nimeyatafuna miezi minne sasa na hayamezeki. Maana wewe uliyachukua ukayapeleka mahali ambapo mimi sikuwa nimefikiria: kwa mama na ule ugonjwa wake wa kusahau. Uliniambia baadaye kwamba na yeye alianza hivyo, mkono kufanya jambo na kichwa kukana. Ukaacha kuendesha gari. Ukamwomba shemeji awe anazima jiko nyuma yako. Na wewe uliyepokea nusu ya watoto wa mtaa wenu ukaomba utolewe wodini, eti usije ukasahau kitu mbele ya mzazi.

Mimi kesho yake asubuhi nilirekebisha Tab ili ikifika penye maneno mawili isimame. Kwetu kila badiliko huandikiwa maelezo na jina la aliyelifanya. Niliandika “marekebisho madogo.” Hakuna aliyeuliza.

Sasa kaa chini kama umesimama. Kitabu hakikupotea. Ghala huweka kilichofutwa pembeni kwa siku sitini, mahali ambapo sisi watengenezaji tu tunafika. Nilikirudisha juma lile lile, nikakiweka kwenye flashi. Kimelala kwenye droo yangu ya ofisini tangu hapo, sura zote kumi na tisa, na kila nilipotaka kukuletea nilijikuta lazima nieleze kilivyopotea. Hata uongo niliutunga: ningekuja na kujifanya nimehangaika siku nyingi nikakipata kwa maarifa yangu, nawe ungenishukuru. Nilikuja kweli, ile Jumamosi ya mvua. Nikakukuta unabandika vikaratasi kwenye makabati ya jikoni, “sukari”, “chumvi”, kama tulivyombandikia mama. Ulinipa mkasi na utepe wa gundi, nami nikakusaidia kukata. Nilikata mpaka kabati la mwisho, nikanywa chai yako, nikaenda zangu. Sijawahi kujichukia vile.

Jana shemeji amenipigia. Anasema barua yako ya kuacha kazi iko tayari na Ijumaa unaipeleka kwa mkuu wa chuo, na kwamba umemwambia bora uondoke mwenyewe kabla hujaleta maafa. Alilia, dada, na unajua yule mtu halii. Nikaona nikinyamaza na hapa, basi mimi si ndugu.

Usiipeleke. Hujasahau kitu. Vidole vyako vilifanya nilichovifundisha, sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyevigeuzia neno, kisha nikakuacha ukijichunguza. Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu yote, na nimemwandikia mkuu wa chuo chako kwa jina langu kamili. Watakavyoamua juu yangu, na iwe. Sikuombi msamaha kwa leo, maana ukiombwa huwa unatoa haraka mno.

Kitabu kimo kwenye flashi niliyoifunga ndani ya bahasha hii. Kabla ya kukituma nimekisoma chote, hasa zile kurasa kumi na moja ulizoandika siku ile yenyewe, ile sura ya mzazi anayetoka damu. Nilizisoma kama mtu anayetafuta kosa. Vipimo vyote sahihi, hatua zote zimefuatana, hata nukta haikukosekana. Kichwa kilichoandika vile hakina ugonjwa.

Nisalimie shemeji, mwambie nitazungumza naye mwenyewe ana kwa ana. Wifi yako naye nimemwambia leo. Jumamosi nitakuja. Usiponifungulia nitakaa barazani mpaka mchana, kisha nitarudi nyumbani.

Mimi mdogo wako uliyenilea,
Kitindamimba